Wamiliki wa gari za utalii, msiwakate madereva hela za betri zilizofia yadi

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua za wasomaji. Najua barua yangu ni ndefu ila naomba msiikate sana, maana jambo lenyewe linagusa mifuko ya watu wengi hapa Arusha, Karatu mpaka Moshi, na kila mwaka ikifika mwezi wa sita linajirudia vilevile kama hatujawahi kuliona.

Mi ni dereva wa gari za utalii, nina zaidi ya miaka kumi na tano kwenye kazi hii, na kipindi cha masika wageni wakikatika huwa nafanya ufundi umeme wa magari hapa Sakina. Kwahiyo hili suala la betri nalijua pande zote mbili, nimelala nalo porini na nimelifungua mezani.

Kilichonifanya niandike ni kijana mmoja dereva mwenzangu. Mwaka jana mwezi wa sita mwanzoni alipangiwa wageni wanne, awachukue hotelini saa kumi na mbili asubuhi wapande Ngorongoro. Akafika yadi saa kumi na nusu, giza bado, baridi ile ya Arusha mnayoijua. Anafungua mlango, taa ya ndani ikawaka kwa mbali, rangi ya chungwa kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Hapo hapo akajua. Akaweka ufunguo, stata ikawa inagonga tu tik tik tik tik, haizungushi. Akanipigia simu, "Kaka shikamoo, samahani nakuamsha, gari imelala na wageni wananisubiri."

Nikaenda na betri yangu na waya za kubusti, zile za kuazimia umeme kutoka betri nyingine. Tukafungua boneti, nikakuta kwenye kichwa cha chanya kumeota ule unga mweupe uliochanganyika na kijani, umejaa mpaka nati haionekani. Nikaweka mita: volti 8.9. Betri ni ya saizi inayoitwa N70, haina hata miezi saba tangu inunuliwe, stika ya dukani bado inang'aa. Tukabusti ikawaka, akaondoka mbio, hotelini akafika kachelewa dakika arobaini na wageni wamenuna. Kutoka Arusha mpaka geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, ni mwendo wa karibu masaa matatu, kwa hesabu ya kawaida alteneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, ingekuwa imeshairudisha ile betri. Alipofika getini akazima gari akaingia ofisini na makaratasi yake. Kurudi, gari haiwaki, tik tik tik tena, mbele ya wageni na mbele ya gari kumi za kampuni zingine. Dereva wa gari ya pembeni ndo akambusti.

Mwisho wa mwezi ofisini kwao wakamkata hela ya betri nzima. Sitaitaja kampuni, sikuandika kumchafua mtu, na isitoshe haiko peke yake. Sababu waliyompa ni "umeua betri". Jamani, kijana yule mara ya mwisho kuigusa ile gari ilikuwa wiki ya pili ya mwezi wa nne, aliirudisha yadi inawaka vizuri, akakabidhi ufunguo, akaenda kwao kulima maana masika hakuna mshahara. Siku hamsini na kitu gari imekaa pale na ufunguo uko ofisini. Betri kaiua yeye saa ngapi?

Nataka nieleze betri inakufaje gari ikiwa imepaki, nieleze kama ninavyowaeleza vijana gereji, maana naona mabosi wengi hawajawahi kuelezwa na mtu. Wengi wanaamini gari iliyozimwa haitumii umeme. Inatumia. Kuna saa, kuna redio inatunza stesheni zake, kuna alamu, na zaidi ya vyote kuna treka, kile kifaa ambacho bosi mwenyewe kakifunga ili aone gari iko wapi. Treka linakula umeme hata gari ikiwa imezimwa. Kwenye gari ya yule kijana nilikuja kupima baadae, nikatoa waya wa hasi nikapitisha mita katikati, nikafunga milango, nikasubiri nusu saa vitu vyote vitulie, ikasoma miliampia 55, na miliampia elfu moja ndo ampia moja. Ukiisikia unaona ni kitu kidogo, hata balbu ya indiketa haiwaki kwa huo umeme. Lakini piga hesabu: miliampia 55 kwa masaa 24 ni kama ampia saa 1.3 kwa siku, ampia saa ndo kipimo cha umeme betri inaobeba. Betri ya N70 inabeba kama ampia saa 70. Siku thelathini zimeondoka ampia saa karibu arobaini, yani zaidi ya nusu. Siku hamsini na tatu betri tupu. Na hapo sijaweka ule umeme ambao betri ya maji inaupoteza yenyewe tu hata ukiitoa ukaiweka kabatini, kama asilimia 3 mpaka 5 kwa mwezi, na kwenye joto inapoteza haraka zaidi.

Sasa tatizo sio kwamba imeisha, maana ingekuwa ni kuisha tu tungeichaji na maisha yakaendelea. Betri ya gari ndani ni sahani za madini ya risasi zimelowekwa kwenye maji makali, yani asidi. Inapotoa umeme sahani zinaota kitu kama chumvi, ukiichaji mapema ile chumvi inayeyuka inarudi kwenye maji. Ukiiacha wiki na wiki betri ikiwa chini, ile chumvi inageuka ngumu, inakuwa kama ukoko kwenye sufuria ya ugali uliolala, na haitoki tena. Ndo maana kijana aliendesha masaa matatu mpaka Lodoare na betri haikupokea kitu. Alteneta ilikuwa inapeleka ila sahani zimefunikwa. Mtu anasema betri feki, anasema duka limemuuzia mbovu, kumbe ilikuwa nzima kabisa mwezi wa nne.

Alafu watu wanachanganya, betri ya kuwashia imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, sahani zake nyembamba na nyingi, stata ya injini kubwa ya dizeli inavuta mamia ya ampia kwa mkupuo. Haijatengenezwa kushushwa mpaka chini. Ile ya kuvumilia kushuka ni betri ya sola, ndo tunayofunga kwa ajili ya friji na chaja za kamera za wageni. Ukiishusha ya kuwashia mpaka chini kabisa mara chache tu, umeimaliza.

Ukitaka kujua betri yako ina hali gani huhitaji fundi, mita ya kupimia inauzwa madukani kwa bei ndogo na kila yadi inatakiwa iwe nayo. Gari iwe imekaa imezimwa masaa kadhaa, usipime imetoka tu barabarani itakudanganya. Ikisoma volti 12.6 au 12.7 imejaa. 12.4 imebaki kama robo tatu, hapo ndo pa kuichaji, usisubiri. 12.2 ni nusu. 12.0 kama robo. Ikishuka chini ya hapo kila siku unayoiacha unaila mwenyewe. Volti 12.0 kwa mtu asiyejua anaona betri ya volti 12 inasoma 12, nzuri tu, na nimeshabishana na meneja mmoja nusu saa nzima kwa ajili ya hii namba, yeye ananionesha stika imeandikwa 12V na mi namwonesha mita.

Kuna desturi nyingine kwenye yadi zetu, mlinzi anaachiwa funguo, anaambiwa kila Jumatatu washa gari zote dakika tano tano. Nia ni nzuri lakini haisaidii, na mara nyingi inaharibu. Gari ikiwa sailensa tu, yani injini inanguruma polepole na gari imesimama, alteneta inatoa kidogo, na asubuhi ya baridi dizeli inaanza kwa kupasha plagi za moto, zile zinakula umeme mwingi, alafu stata inakula wake, alafu mlinzi anawasha redio. Dakika tano hazirudishi kilichotoka na kuziba pengo la wiki nzima la treka. Juu ya hapo injini haijapata moto vizuri, unyevu unabaki kwenye oili na kwenye bomba la moshi. Kama unataka kuichaji kwa injini basi itoe gari, iende mpaka Usa River irudi, au Makuyuni kabisa, injini ipate moto na tairi zizunguke. Hiyo inasaidia. Ila mafuta ya kufanya hivyo kwa gari kumi na mbili kila wiki nani anatoa?

Hapa sasa nije kwenye jambo ambalo linaniuma kuliko yote maana ndo linawadanganya hata watu waliojitahidi. Siku hizi kuna gari nyingi za kukodisha wageni wanaojiendesha wenyewe, zina hema juu ya paa, jiko la gesi nyuma, friji, tenki la maji, na paneli ya sola juu. Bosi kalipia hela nzuri. Masika imefika anapaki gari, anaangalia juu paneli ipo, anasema hii haina shida inajichaji yenyewe. Mwezi wa sita haiwaki. Anakuja gereji amekasirika, anasema sola mmefunga uongo. Nikifungua nakuta friji baridi kabisa, betri ya nyuma, ile ya friji, inasoma 12.7 safi, na betri ya mbele ya kuwashia injini imekufa.

Sababu ni kwamba waya za paneli zinaingia kwenye kontrola, kifaa cha kudhibiti umeme wa sola, na kontrola inaenda betri ya friji peke yake. Betri ya mbele na ya nyuma zinaunganishwa na rilei, swichi inayojiendesha kwa umeme, ambayo inaziunganisha injini ikiwa inazunguka tu, ili friji isije ikanyonya betri ya kuwashia usiku ukiwa porini Ndutu ukashindwa kuondoka asubuhi. Huo ni ufundi sahihi kabisa na mi mwenyewe nafunga hivyo. Lakini matokeo yake gari ikizimwa miezi miwili betri ya nyuma ina jua na betri ya mbele ina treka. Na wengine wanapaki chini ya banda la mabati, hapo hata hiyo ya nyuma haipati kitu, paneli inaangalia bati.

Niliwahi kumwendesha mzee mmoja kutoka Marekani, tulikaa siku saba Serengeti, jioni moja Seronera akaniona napima betri kabla ya kulala akaniuliza nafanya nini. Nilipomweleza akacheka kwa furaha, akaniambia kwao anayo nyumba ya magurudumu, lile basi la kulala, msimu wa baridi analipaki miezi minne mitano na analichomeka kwenye umeme wa nyumbani. Na bado kila mwaka betri ya kuwashia ilikuwa inakufa, mpaka alipogundua kwamba ile chaja ya ndani inachaji betri za upande wa kulala tu na haifiki mbele kwenye injini. Kwao ni mbaya zaidi maana betri ikiisha maji yake yanabaki mepesi, baridi ikishuka chini ya sifuri vya kutosha yanaganda na boksi linapasuka. Sisi Mungu katuepusha na hiyo. Ila kosa ni lilelile, umeme upo kwenye gari na aliyeachwa na njaa ni yule mmoja anayewasha injini.

Dawa yake ndogo. Kuna kontrola za sola zenye njia mbili, moja inapeleka nyuma na nyingine mbele kidogo kidogo. Kama hutaki kubadilisha, weka kipaneli kidogo cha wati 20 na kontrola yake ndogo, kwa ajili ya betri ya mbele tu. Wati 10 wakati wa kiangazi inatosha, inatoa kama nusu ampia kwa masaa manne matano ya jua zuri, lakini masika yetu mnaijua, wingu linakaa juu ya mlima Meru wiki nzima, hiyo nusu ampia inakuwa robo na treka inashinda. Na msiunganishe paneli moja kwa moja kwenye betri bila kontrola, paneli ikiwa haina mzigo inatoa volti 20 na zaidi, nimekuta betri zimechemka zimekauka maji kwa sababu mtu kaokoa hela ya kontrola.

Kwa wenye Land Cruiser za volti 24, zile zilizotoka Japan zina betri mbili za volti 12 zimeunganishwa mfululizo, naomba msome hapa taratibu. Mafundi wengi wakitaka volti 12 ya redio au redio kolu ya mawasiliano au friji wanachomoa waya kutoka betri moja. Inafanya kazi, wageni wanasikia muziki, kila mtu karidhika. Lakini ile betri moja inatumika na mwenzake haitumiki, alteneta inachaji zote kama kitu kimoja, kwahiyo dhaifu haijai na nzima inapigwa umeme mwingi inachemka. Baada ya muda moja imekufa njaa na nyingine imekufa kwa kushiba. Alafu wananunua betri moja mpya wanaiweka na ile ya zamani, mchezo unaanza upya. Weka konvata, kifaa cha kushusha volti 24 kwenda 12, na betri zikibadilishwa zibadilishwe zote mbili siku moja, aina moja.

Kuhusu maji makali naomba nipaze sauti. Kuna mafundi wakiletewa betri iliyokaa masika nzima wanafungua vifuniko, wanamwaga maji yote, wanajaza maji makali mapya, wanachaji masaa mawili, mita inasoma vizuri, mteja analipa anaondoka anashukuru. Nilisimama siku moja nikaangalia inavyofanyika, ile betri ilianza kutoa povu kwenye tundu la tatu, maji yametoka ya rangi ya kahawia kama chai ya rangi, ule ni udongo wa sahani unamomonyoka. Betri ikiishiwa maji kinachopotea ni maji baridi, yani maji matupu yasiyo na asidi, asidi yenyewe haiendi popote, iko ndani imegandia kwenye sahani. Ukiongeza maji makali unaongeza asidi juu ya asidi, inaonekana ina nguvu wiki mbili tatu, inaishia njiani kule Serengeti katikati ya Naabi na Seronera na wageni ndani. Ongeza maji baridi tu, mpaka sahani zifunikwe, na ujaze vizuri baada ya kuchaji. Na yawe ya chupa yale yaliyosafishwa. Maji ya bomba ya Arusha yana madini mengi, floraidi yake inajulikana hata kwenye meno yetu, hayafai kwenye betri.

Na jingine nalisikia sana, eti betri ukiiweka chini kwenye sakafu ya saruji inaisha umeme. Zamani maboksi ya betri yalikuwa ya mbao na ya mpira mgumu, yalikuwa yanavujisha, hapo lilikuwa na maana. Betri za leo boksi ni plastiki, sakafu haiifanyi chochote. Nimeona yadi wamezipanga betri vizuri juu ya mbao, zimefutwa vumbi, na hakuna hata moja iliyochajiwa kwa miezi miwili.

Basi gari ikirudi ya mwisho kabla ya masika, mi nafanya hivi na sijawahi kupoteza betri kwa miaka mingi. Naiosha kichwa cha betri kwa maji ya moto na magadi kidogo, nahakikisha hayaingii kwenye matundu, nakausha, napaka grisi. Naichaji kwa chaja ile inayojikata yenyewe mpaka ijae, kama imeisha kabisa N70 inataka usiku mzima kwa ampia saba hivi, usiikimbize. Sehemu iwe na hewa maana betri ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka, sigara mbali, na chaja uizime kwanza ndo uchomoe vibano. Alafu nachukua spana namba 10 natoa hasi. Hasi kwanza, siku zote, kwa sababu ukianza na chanya na spana ikagusa bodi umepiga shoti, nimemuona mtu pete imeungua na kidole chake. Kurudisha ni kinyume, chanya kwanza hasi mwisho. Waya wa hasi nauvalisha kipande cha mpira wa tyubu usijirudie wenyewe. Basi, treka imekufa, alamu imekufa, redio imekufa, betri imebaki na kupoteza kwake mwenyewe tu, mwezi mzima haijashuka hata kufika 12.5. Kila tarehe moja naipima, ikikaribia 12.4 naichaji.

Mabosi wanakataa kukata hasi kwa sababu ya treka, wanaogopa gari itaibwa wasiione. Nawaelewa, gari ni mali kubwa. Lakini treka nyingi zina kibetri chao cha ndani cha muda mfupi na kama hamtaki kukata hasi mnaweza kuweka kipaneli kile nilichokitaja kwenye betri ya mbele, au mkaacha chaja ndogo ya kushikilia, ile inayokaa kwenye volti 13.5 hivi muda wote, imechomekwa. Chaja moja inaweza kuzungushwa gari tano sita, siku mbili hapa siku mbili pale. Hata swichi ya kukata umeme inafungwa kwa dakika ishirini na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na N70 moja, mnazungusha kitasa tu hakuna haja ya spana.

Wakubwa kwenye kazi hii wanakumbuka 2020. Wageni walikatika mwezi wa tatu, mwezi wa nne ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, na hata zilipofunguliwa tarehe 18 mwezi wa tano watu hawakuja kwa wingi miezi na miezi. Gari zilikaa. Nilikuwa napita yadi za Njiro na Kwa Mrombo hapa Arusha naona majani yameota mpaka kwenye bampa. Kazi iliporudi nilibadilisha betri mpaka nikachoka, kuna yadi moja gari tisa na hakuna hata moja iliyowaka. Mwaka ule hakuna aliyemlaumu dereva, kila mtu alielewa kwamba gari ikikaa betri inakufa. Sasa mbona ikikaa siku hamsini za masika inakuwa dereva ndo kaua?

Hela ya betri kwa dereva ambaye katoka miezi miwili bila safari ni ada ya mtoto, ni kodi ya chumba. Wengi wetu tunaitwa kwa safari tu, hatuna mshahara wa mwezi, hatuna pa kulalamika, ukibisha safari inayofuata anapewa mwingine. Unakaa kimya unakatwa.

Ninachoomba kwa wamiliki ni kitu cha karatasi moja. Siku gari inaingia yadi kwa masika, dereva na msimamizi wa yadi wapime betri pamoja, waandike tarehe, namba ya gari, volti ya mbele, volti ya nyuma, wasaini wote wawili. Kuanzia hapo mpaka siku dereva anaitwa tena betri ni ya yadi. Ikirudi chini anaulizwa aliyekuwa na ufunguo. Kama dereva kairudisha ikiwa 11.9 kwa sababu aliacha friji kwenye betri ya mbele usiku, mkateni, sitamtetea. Na vyama vya waongoza watalii na vya wamiliki vikikaa wakubaliane karatasi iwe ya aina moja yadi zote ingekuwa vizuri zaidi.

Kijana niliyemtaja bado yuko kwenye gari ileile. Mwaka huu mwezi wa nne nilienda nae yadi, nikamfungia swichi ya kukata umeme kwa hela yangu, tukaandika karatasi, betri ya mbele 12.7, msimamizi akasaini ingawa kwa shingo upande. Kila mwanzo wa mwezi kijana alikuwa anapanda basi kutoka kwao anakuja kuipima. Tarehe 3 mwezi wa sita saa kumi na nusu alfajiri akanitumia picha ya mita, 12.5, na akanirekodia sauti ya gari inawaka mara moja tu. Ile hela ya mwaka jana hajarudishiwa mpaka leo.

Wenu,
Dereva wa utalii na fundi umeme wa magari,
Sakina, Arusha